Kiboko Aliyeomba Marudio Mara Kumi na Tisa

Nianze?
Anza, tumekaa.
Niongope kidogo?
Ongopa, tumekuja kwa hilo.
Nikisinzia katikati?
Tutakufinya.

Basi zamani, Kiboko alipokuwa bado anatembea nchi kavu mchana kutwa, palikuwa na vyuo viwili vya wanyama. Kimoja kilikuwa mtoni, kingine kilikuwa juu majabalini. Mkuu wa Chuo cha Mtoni alikuwa Kiboko. Alikuwa mkuu wa chuo, alikuwa nahodha wa timu, alikuwa mshambuliaji, alikuwa mpiga penalti. Cheo hakikumpita mbele ya mdomo akakiacha. Kukimbia tu ndiko asikokujua. Akikimbia, ardhi ilifanya gudu-gudu-gudu, na akifika, mpira umeshaondoka kitambo.

Nahodha wa Chuo cha Majabalini alikuwa Pimbi. Pimbi mnamjua. Ni kama panya aliyenenepa akanyimwa mkia.

Kila mwaka, mvua zikikatika, vyuo hivi vilicheza mechi moja ya mpira. Moja tu. Wanafunzi wa chuo kilichoshinda walikula majani mabichi ya bondeni kiangazi chote. Walioshindwa walipanda majabali wakatafuna magome.

Refa alikuwa Kobe. Alikuwa na filimbi na alikuwa na gamba, na gamba alilitumia zaidi.

Mwaka wa kwanza Digidigi wa Majabalini alipiga mpira, pwaa, wavuni. Kiboko akaja, gudu-gudu-gudu, akainama.

"Refa, umeona?"

Kobe akaingiza kichwa ndani. "Nimeona kama ulivyoona wewe, mheshimiwa."

"Mimi sikuona goli."

"Basi hakuna goli."

Mwaka wa pili Digidigi alipiga tena, pwaa, wavuni.

"Refa, umeona?"

"Nimeona kama ulivyoona wewe, mheshimiwa."

Mwaka wa tatu Digidigi alifunga matano. Kiboko alikubali moja, kwa sababu wavu ulichanika na hata vipofu walisikia. Ikawa Mtoni tatu, Majabalini moja. Mnadhani alifurahi? Ile moja ilimkaa tumboni mwaka mzima. Alikuwa na bonde zima, analala juu ya majani, anapumua majani, na bado anakumbuka lile goli moja la maskini.

Huko majabalini, kiangazi kile, mama yake Digidigi alilala hakuamka. Watu wa mtoni wakasema alikuwa mzee. Hakuwa mzee. Alikuwa na njaa.

Baada ya kumzika, Pimbi alishuka mpaka barazani, wanyama wote wakiwepo.

"Wazee wangu," akasema, "sina ugomvi na refa. Macho ya Kobe yamechoka, tumsaidie. Juu ya ule mkuyu wa uwanjani wanakaa Tumbili na mkewe. Mnawajua. Ukijikuna, wanajikuna. Ukikohoa, wanakohoa. Wakishaona jambo hawawezi kutulia mpaka walifanye na wao. Panapotokea ubishi, tuwaambie warudie walichokiona. Tuyaite marudio."

Kiboko akacheka mpaka ndege wakaruka. "Macho yangu mimi hayatoshi?"

Halafu akafikiri, na yeye kufikiri huchukua muda, kwa hiyo baraza likangoja.

"Nakubali," akasema. "Ila kanuni naandikisha mimi. Kobe, andika. Kanuni ya kwanza, mimi nitaomba marudio mara nyingi nitakavyo."

Kobe akaandika.

"Kanuni ya pili, Pimbi ataomba mara moja."

Kobe akaandika.

"Kanuni ya tatu, anayeomba anaweza kuomba marudio ya jambo lolote, la siku yoyote."

Kobe akatoa kichwa kidogo. "La siku yoyote, mheshimiwa?"

"La siku yoyote. Kuna goli la mwaka jana nataka liangaliwe upya."

Baraza likapiga makofi na kusema sasa haki imefika. Wanyama wa baraza wanapenda sana kupiga makofi. Pimbi hakupiga. Aliomba tu asomewe kanuni ya tatu mara ya pili, akashukuru, akapanda zake majabalini.

Siku ya mechi Pimbi aliwahi uwanjani. Chini ya mkuyu akakuta maganda ya ndizi, mengi, bado laini. Migomba haioti majabalini wala uwanjani. Inaota sehemu moja, ukingoni mwa mto, nyuma ya nyumba ya Kiboko. Juu mtini Tumbili na mkewe walikuwa wameshiba, wanapiga miayo.

Digidigi akaja akayaona. "Kaka Pimbi, tumekwisha. Turudi nyumbani."

"Wewe funga magoli," Pimbi akamwambia. "Mengine niachie."

Filimbi ikalia, priii. Digidigi akachukua mpira, akapita huku, akapita kule, pwaa, wavuni.

Kiboko akanyanyua mguu. "Refa, marudio."

Tumbili wakashuka tawi la chini. Tumbili mume akawa Digidigi, akakimbia kwa madaha, halafu akaukamata mpira kwa mkono akautupa golini. Umati ukamtazama Digidigi, ukatazama kwato zake nne. Tangu azaliwe Digidigi hajawahi kuwa na mkono.

"Umeona, refa?"

"Nimeona kama ulivyoona wewe, mheshimiwa. Ameshika. Hakuna goli."

Kiboko akapiga mpira. Ukaenda nje, ukaenda mbali, ukaangukia kwenye miiba.

"Refa, marudio."

Tumbili wakarudia. Mpira ukaingia ndani, kona ya juu, safi kabisa. Kobe akakubali goli.

Kiboko akajikwaa kwenye mguu wake mwenyewe, puu. Marudio. Tumbili wakaonyesha Pimbi amembeba akambwaga chini. Penalti. Akapiga nje. Marudio. Ikaingia. Akapiga kichwa hewani bila mpira. Marudio. Goli. Akaomba na lile la mwaka jana. Tumbili wakaonyesha Digidigi ameushika kwa mikono yote miwili, na Kobe akalifuta goli la mwaka jana, wavu uliochanika ukiwa bado haujashonwa.

Kila marudio yalikwenda polepole. Kwanza Tumbili washuke, halafu wakunane, halafu waanze. Jua likapanda, jua likainama. Twiga alilala amesimama. Mara ya kumi na tisa, hata mashabiki wa Mtoni hawakushangilia. Mtoni nne, Majabalini sifuri.

Kobe alipoinua filimbi amalize, Pimbi akasogea mbele.

"Refa, na mimi naomba yangu moja."

Kiboko akatabasamu, na mnajua mdomo ule ulivyo. "Mpeni. Anataka goli gani, masikini?"

"Sitaki goli," Pimbi akasema. "Naomba marudio ya jana alasiri, chini ya mkuyu huu."

Tabasamu likabaki usoni pa Kiboko, ila macho yakaondoka. "Hiyo si mechi. Refa, hiyo si mechi."

"Refa," Pimbi akasema kwa upole, "kanuni ya tatu inasemaje?"

Kobe akasoma. Kusoma alikuwa hawezi kukataa, maana ameandika mwenyewe. "Jambo lolote, la siku yoyote."

"Sikuwafundisha hilo," Kiboko akasema, na hapo hapo akatamani ayameze maneno yake.

Tumbili wakashuka. Hawakuwa na ubaya na mtu. Jana walifundishwa uongo wakaushika, leo wameombwa jana yenyewe, wakaitoa. Tumbili mume akafura mashavu, akatoa tumbo mbele, akaja, gudu-gudu-gudu. Alikuwa amekumbatia mkungu wa ndizi usioonekana. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, halafu akapiga magoti chini ya mti na kuanza kubembeleza kwa sauti nzito ya Kiboko.

"Kuleni wanangu, kuleni. Kesho nikipiga nje, nyie onyesheni ndani. Digidigi akifunga, onyesheni ameshika kwa mkono."

"Lakini Digidigi hana mkono," mke wa Tumbili akasema, akiirudia sauti yake mwenyewe ya jana.

"Nani atauliza? Umati hauna akili. Na yule Kobe msimwogope, lile ni jiwe lenye filimbi. Wanafunzi wangu nao nimewaambia bonde ni letu sote. Majani mazuri nitakula mimi, wao watalamba mizizi."

Kwenye upande wa Mtoni, katikati ya wanafunzi wa Kiboko mwenyewe, mmoja akacheka. Akacheka wa pili. Uwanja mzima ukacheka, na Twiga akaamka akacheka kabla hajajua kwa nini.

Kiboko akageuka. "Refa," akasema, "hukuona. Sema hukuona."

Kichwa cha Kobe kikatoka, na shingo ikatoka, ndefu, wengine hawakujua kama anayo yote ile. "Leo nimeona mwenyewe," akasema. "Magoli ya Tumbili nayafuta. La Digidigi nalirudisha. Majabalini moja, Mtoni sifuri."

Akapuliza filimbi, priii, akalia kidogo, akasema ni vumbi.

Kiangazi kile watu wa majabalini walikula bondeni. Digidigi alikula peke yake siku za mwanzo, hataki kusemeshwa, kila tonge la majani analiangalia kabla ya kulimeza. Pimbi alikaa karibu naye.

Kiboko naye aliingia mtoni siku ile ile. Kila akitoa kichwa mchana anaona Tumbili kwenye tawi amefura mashavu, amepiga magoti, na watoto wa wanyama wanacheka. Tangu hapo akawa mtu wa majini. Hutoka kula kukiwa giza, Tumbili wamelala, na akisikia jani limetikisika hukimbia, gudu-gudu-gudu, mpaka majini.

Funzo la hadithi hii, wanangu, ni kwamba marudio ni kitu kibaya. Yanachelewesha mechi, yanamkosesha mkubwa usingizi, yanamtoa refa kwenye gamba lake alimostarehe. Refa akikosea, nyamazeni. Mkubwa akiwaambia alichoona, itikieni. Mtakonda, ndiyo, lakini mtakonda na adabu zenu.

Hadithi imefika ukutani. Mwenye kutaka kuisukuma mbele, aanze na ukuta.