Bakuli la Mlenda na Mvinyo wa Kwenkome

Hebu niambie, wewe uliyeketi hapo: umewahi kuambiwa hufai na mtu ambaye hata hajakujaribu? Kama bado, mshukuru Mola, kisha sikiliza yaliyompata Shembilu.

Hapo zamani, katika nchi ya Tamboi, alitawala Mfalme Mwelu, aliyependa mvinyo kuliko alivyowapenda raia zake. Mvinyo wake ulitoka mbali, nchi za joto, mweusi kama wino, mzito, nao ulikaa barazani kwenye jua hata ukawa vuguvugu. Mfalme akaunywa huku akitokwa na jasho, akasema huo ndio utamu. Mawaziri nao wakatokwa na jasho, wakasema ndio huo. Kazi yao ilikuwa hiyo, na mshahara juu.

Sasa, huko mlimani, mahali paitwapo Kwenkome, ambapo ukungu hauondoki mpaka adhuhuri, watu walilima zabibu zilizoiva polepole kwa baridi. Mvinyo wao ulikuwa mwekundu mwepesi, rangi ya ua la mkomamanga, na ukiunywa unakumbuka matunda ya forosadi na majani yaliyolowa mvua. Hakuna aliyeujua, maana hakuna waziri aliyeijua Kwenkome.

Shembilu alikuwa mtoto wa mjane wa huko. Alisoma miaka saba katika chuo cha mfalme, elimu yote ya mizabibu, akahitimu kwa honours, cheti kina lakiri nyekundu. Lakini kila alipoomba kazi katika ghala la mvinyo la mfalme, Waziri Ndaro alimuuliza ana experience ya miaka mingapi. Sasa ataipata wapi, tumboni mwa mama yake? Basi akakifutika cheti ndani ya mwanzi, akarudi kupalilia shamba la mama, na ulimi wake ukazidi kuwa mkali.

Ikawa mwaka huo watu wa Kwenkome wakampeleka Shembilu kwa mfalme na mtungi wa mavuno mapya. Mfalme akamiminiwa katika bilauri, akaiinua, akauona uso wa Waziri Ndaro upande wa pili. Hakuonja. Akasema haya ni maji yaliyotiwa rangi. Waziri akaongeza kwamba bila shaka wameuchakachua, wallahi. Basi mfalme akaamuru mizabibu yote ya Kwenkome ing'olewe, upandwe mtama wa farasi wake.

Shembilu akapiga magoti. "Ewe mfalme, uishi miaka mingi. Mama yangu hana kitu kingine duniani ila mizabibu ile. Ni lipi litakaloiponya?"

Mfalme akajikuna ndevu, akaona hapa pana mchezo.

"Siku ya tatu niletee mvinyo huu huu, usitie kitu ndani yake. Nikiutazama nisione chini ya chombo, mizabibu itabaki. Nikiona, utaing'oa kwa mikono yako."

"Chombo gani, bwana wangu?"

"Chochote. Hata sufuria ya mama yako." Baraza zima likacheka.

Shembilu akarudi nyumbani, akamweleza mama yake, akamwomba lile bakuli lake la mlenda.

"Mwanangu, tunang'olewa mashamba, nawe unawaza mlenda?"

"Nipe tu, mama."

Lilikuwa bakuli la udongo, lenye kina, jeusi tititi kwa moshi ndani na nje. Akalisugua mpaka harufu ya mlenda ikaisha. Mtungi wa mvinyo akauzamisha kijitoni, na siku ya kwenda akaufunga kwa majani mabichi ya mgomba ili ubaridi usitoke.

Basi siku ya tatu, barazani joto kama tanuri, akamimina mvinyo bakulini. Mfalme akainama, akatazama, akaona weusi mtupu. Waziri Ndaro akachungulia mpaka kilemba kikataka kulowa. Naye hakuona chini.

Mfalme akanywa. Akanywa tena, jasho likakauka usoni, akalipitisha bakuli barazani, akauliza wanaonaje. Mmoja akasema anaonja ngozi ya tandiko. Mwingine akaonja tumbaku. Waziri Ndaro akafumba macho.

"Huu, mtukufu, si ule wa juzi, ni wa nchi za joto. Umekaa ghalani si chini ya miaka kumi."

Shembilu akaomba bilauri, please, akamimina humo ule uliobaki bakulini, akaiinua. Ukang'aa mwekundu, na uso wa Waziri Ndaro ukaonekana upande wa pili, mdomo wazi.

"Ni ule ule wa juzi," akasema. "Umri wake miezi saba."

Waziri akaligeukia baraza. "Amemhadaa mfalme kwa bakuli."

"Mfalme alisema chombo chochote, akasema asione chini. Je, aliona?"

Mfalme akaitazama bilauri, akamtazama waziri, kisha akacheka hata akashika mbavu, na mwishoni kicheko kikawa na haya kidogo, kwa kuwa alikumbuka kwamba juzi hakuonja. Mizabibu ikabaki. Shembilu akakabidhiwa funguo za ghala. Naye Ndaro akapewa jembe, akapelekwa Kwenkome kwa mama Shembilu, akapate experience.

Basi nanyi mlioshika mihuri, mnaotuinua juu na kutupa hukumu kabla ya funda la kwanza: mitungi iko mlangoni, na jua linapanda. Onjeni leo, ndipo mseme.