Chupa ya Sita

Mtu mmoja wa upande wa Dodoma, jina lake Ndahani, alikuwa na shamba la zabibu, kiwanda kidogo cha mvinyo na visima viwili. Kisima cha juu kilikuwa nyuma ya nyumba yake, na maji yake yalikuwa machache. Kisima cha chini kilikuwa kando ya mizabibu, nacho kilikuwa na maji tele. Hicho ndicho kilichohudumia kiwanda, na humo wote waliteka maji ya kunywa, nyumba ya tajiri na nyumba za vibarua. Pembeni yake vibarua walisuuza mabomba ya kupulizia dawa, miaka nenda miaka rudi, kwa kuwa maji yalikuwa karibu. Ndahani aliwaona na hakusema kitu.

Msimwone mpumbavu. Alikuwa mtu makini. Alimwajiri Sechelela, aliyeishi na binti yake kwenye nyumba za vibarua, achote maji kila mwezi na kuyapeleka maabara mjini. Majibu yalikuja kwenye bahasha iliyofungwa, na Ndahani peke yake ndiye aliyeyasoma. Kwa miaka miwili yalikuwa mazuri. Kisha siku moja karatasi ikasema: kisima cha chini kina sumu, maji yasinywewe.

Aliisoma akiwa amesimama. Zabibu zilikuwa zimebakiza miezi miwili kuvunwa, na kukifunga kisima kulikuwa ni kuacha mavuno yaoze. Akasema labda chupa ilikuwa chafu. Sechelela akapeleka nyingine, majibu yakawa yale yale. Akasema pampu haikuachwa ifanye kazi vya kutosha kabla ya kuchota. Ikaachwa asubuhi nzima, na sumu ilikuwemo. Akabadilisha maabara. Akangoja mvua ipite, akapima tena. Utulivu hakuupata. Mezani aliinuka kabla hajashiba, akashuka kisimani, akanusa maji kiganjani, akapanda, akashuka tena. Na pampu ilikuwa ikinguruma, na watoto wa vibarua walikuwa wamepanga ndoo zao.

Siku alipompa Sechelela chupa ya sita, mama yule hakuipokea.

“Mzee,” alisema, “hizo karatasi mimi sijazisoma. Lakini tangu ile ya kwanza, mpishi wako hashuki tena huku chini. Nyumbani kwako mnajibana na maji machache ya kisima cha juu. Sasa niambie, mwanangu anakunywa nini?”

Ndahani alizidi kumnyooshea chupa. “Hii ya mwisho, mama. Tupate uhakika.”

Sechelela alimgeuzia mgongo. Alikwenda mbio hadi nyumba za vibarua, na binti yake alikuwa mlangoni na kikombe mkononi. Akamnyang'anya. Akapindua pipa lake la maji mbele ya watu wote, kisha la jirani, huku akilia na kuwaita wenzake watoke nje.

Ndugu zangu, Ndahani hakukosa kupima. Alijibiwa mara tano, na aliamini mara ya kwanza, maana aliwaokoa wa nyumbani kwake. Nawe unayesema bado unalichunguza jambo lako, ni nani anayeendelea kunywa wakati wewe unapima?