Sanduku la Chuma na Kiti cha Kinyozi

Kuna watu ambao wakijikwaa kidole hupiga kelele hadi majirani wakatoka na ndoo za maji wakidhani nyumba inaungua, lakini wakijikwaa ulimi huendelea na safari yao wakipiga mluzi. Waliosema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi bila shaka waliwahi kuishi nyumba moja na mtu wa aina hiyo. Walimaanisha kwamba jeraha la mguuni hupona na mwenyewe akalisahau, bali neno likishatoka mdomoni halina bendeji. Fundi mmoja wa kompyuta, ambaye mtaa mzima ulimwita Kufuli, aliijua methali hii tangu shuleni. Lakini kuijua methali na kuifuata ni mambo mawili, kama vile kununua sabuni na kuoga.

Jina la Kufuli hakulipata bure. Simu yake ilikuwa na namba ya siri, na kila kitu ndani ya simu hiyo kilikuwa na namba yake nyingine. Kamera ya kompyuta aliibandika plasta ya kidonda. Mkewe alipotaka kumweleza kuwa chumvi imekwisha, sharti simu zote zizimwe kwanza. Na katikati ya ujia wa kutoka jikoni, alikuwa amekaza kwa skrubu sanduku dogo la chuma ambalo ndani yake mlikuwa na kibati kilichochongwa maneno ya kufungulia pochi yake ya Bitcoin, ile pesa ya mtandaoni. Hakuna mtu wa nyumba ile ambaye hakuwahi kuligonga kwa mguu.

"Mkwe wangu," mama mkwe wake alimuuliza siku moja huku ameshika kidole gumba cha mguu, "hili sanduku lako linamlinda nani, vidole vyangu vikishaisha?"

"Linalinda mali ya binti yako, mama."

"Basi ukalilaze upande wako wa kitanda."

Huyo binti, mke wa Kufuli, alikuwa fundi wa cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilichokuwa duka lake, chenye cherehani mbili, meza ya kukatia na wasichana wawili wa kumsaidia. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kufupisha suruali na kubadilisha zipu za nguo zilizoshonwa na wengine. Alikuwa amechoka kuwa daktari wa nguo asizozizaa. Kwa hiyo hospitali kubwa ilipotangaza kuwa inatafuta aproni mpya za manesi, na kwamba kila fundi alete sampuli moja, aliiacha zipu aliyokuwa akiibadilisha ikiwa nusu. Wazo alikuwa nalo zamani. Mama yake alipolazwa, alimwona nesi akivua aproni chafu kwa kuipitisha kichwani, na uchafu ukampaka midomo. Tangu siku ile alijiuliza kwa nini aproni isifunguke ubavuni kuanzia kwapani hadi chini.

"Usimwambie mtu," alisema Kufuli aliposikia, na macho yakamng'aa. "Usiipige picha. Usiiandike kwenye simu. Hii niachie mimi."

Na kusema kweli, kwa upande wa mashine, Kufuli alifanya kazi ya mtu mzima. Aliichukua kompyuta moja ya zamani, akaing'oa kwenye mtandao, akaweka ndani yake akili mnemba ya programu huria. Alimweleza mkewe kuwa programu ya namna hiyo msimbo wake uko wazi, yeyote ajuaye anaweza kuusoma akaona inafanya nini, na kwamba hufanya kazi humohumo ndani ya mashine bila kupeleka maswali yako kwa watu usiowajua. Mwanzoni mkewe aliitazama kama mtu anayetazama mbwa wa jirani. Mara ya kwanza ilimpangia aproni yenye mikono mitatu. Alipoizoea, ikamsaidia kupiga hesabu za vipimo, kutoka nesi mwembamba hadi nesi mnene, na kunyoosha barua ya maelezo ambayo yeye angeiandika kwa wiki nzima.

Kikabaki kitambaa. Alitaka kile kisichoshika maji, ambacho madukani pale hakikuwapo. Kilipaswa kuagizwa nje, na karani wa benki aliyeshughulikia malipo ya nje alikuwa shemeji wa Fundi Tepe. Huyu Fundi Tepe alikuwa mshonaji mwenye duka kubwa kuliko yote mtaani. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kuonekana bila tepe ya kupimia shingoni, hata msibani. Naye pia alikuwa akiitolea macho kazi ya hospitali.

"Tutalipa kwa Bitcoin," alisema Kufuli. "Muuzaji anaikubali. Lakini sikiliza vizuri. Daftari la Bitcoin liko wazi kwa dunia nzima. Kila mtu anaona pesa imetoka huku ikaenda kule. Asichokiona ni jina. Kwa hiyo natumia anwani mpya, na jina ndilo la kulinda. Mtu akijitaja mwenyewe, kajianika juani."

"Basi usijitaje," alisema mkewe.

"Mimi? Mimi ni kaburi."

"Kaburi lenye mdomo," mama mkwe alinong'ona, akaendelea kuchambua mchele.

Kitambaa kilifika, sampuli ikashonwa, ikatundikwa nyuma ya mlango na kufunikwa shuka. Ilikuwa safi, ya rangi ya maziwa, na vifungo vya kubonyeza vilivyopangana ubavuni kama mbegu ndani ya ganda. Kazi iliyobaki ilikuwa moja tu, kunyamaza hadi siku ya kuonyesha. Kufuli akaamua kwenda kunyoa.

Kwa kinyozi kulikuwa na viti viwili. Kimoja kilikuwa na mteja aliyelazwa chali, kitambaa cha moto kimemfunika uso wote akisubiri kunyolewa ndevu. Kufuli akakaa cha pili.

"Umepotea sana, Kufuli," alisema kinyozi. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu." Mkasi ukazunguka sikio moja. "Yaani, kipo. Lakini siwezi kusema."

"Basi usiseme," alijibu kinyozi, akageukia sikio la pili.

Laiti angeng'ang'anizwa, pengine Kufuli angefunga mdomo. Kuachwa ndiko kulikomwasha. Alijikuna, akakohoa, akajitazama kwenye kioo, akamwona mtu mwenye siri kubwa asiyeulizwa na yeyote.

"Nitakwambia upande wa kiufundi tu," akasema. "Mke wangu ana kazi yake. Imefanyika mwanzo mwisho, na hakuna kampuni wala benki inayoijua. Akili mnemba yetu wenyewe, ndani ya nyumba yetu wenyewe. Kitambaa nimelipia kwa Bitcoin. Hata aliyekiuza hajui kwamba kinakwenda hospitali."

"Hospitali?"

"Sikusema hospitali."

"Umesema sasa hivi."

"Nimetoa mfano!" Kufuli alishusha sauti, ingawa alikuwa na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara hata anaponong'ona. "Kitambaa chenyewe damu ikimwagika inateleza kama maji mgongoni mwa bata. Lakini siwezi kusema ni cha nini."

"Ni cha aproni za manesi," alisema kinyozi kwa uvivu. "Kila fundi anashona hizo. Ila kitambaa cha hivyo si kitakuwa kigumu kupitisha kichwani?"

Hapo Kufuli alicheka kicheko cha mtu aliyeachiwa goli wazi. "Nani kakwambia zetu zinapita kichwani? Vifungo viko ubavuni, ndugu yangu, kutoka kwapani hadi chini. Pa, pa, pa, imevuka! Uso hauguswi." Akainua kidole. "Lakini zaidi ya hapo siwezi kusema."

"Kwani kuna zaidi?"

Mteja wa kile kiti kingine alikuwa ametulia kama mgonjwa aliyechomwa sindano ya usingizi. Chini ya shuka la kinyozi ilining'inia ncha ya tepe ya njano. Kufuli, ambaye kila siku aliikagua plasta ya kamera yake kuhakikisha haijabanduka, hakuiona. Alilipa, akamkataza kinyozi asitaje jina lake kwa mtu yeyote, akaenda zake kifua mbele.

Siku ya kuonyesha sampuli, mafundi waliketi katika ukumbi mdogo wa hospitali, kila mmoja na mfuko wake mapajani. Fundi Tepe aliitwa wa kwanza. Akaitoa aproni yake, akaishika ubavuni, pa, pa, pa, ikafunguka yote. Msimamizi wa manesi aliimwagia chai ya kikombe chake kwa majaribio. Chai ikateleza, ikadondoka sakafuni. Watu wakapiga makofi.

Mke wa Kufuli alihisi mfuko aliouweka mapajani ukiwa mzito kama jiwe la kusagia. Alipoitwa, aliitoa yake kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

"Nzuri sana, mama," alisema msimamizi kwa huruma. "Lakini hii tumeshaiona."

"Wazo zuri huwajia wengi," alisema Fundi Tepe, akairekebisha tepe shingoni.

Nyumbani Kufuli aliposikia, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Tumedukuliwa!" Akaifungua ile kompyuta, akaitawanya mezani juu ya vitambaa, skrubu huku, waya kule. Akamshuku karani wa benki, akaishuku akili mnemba, akaushuku hata mnara wa simu uliokuwa mtaa wa pili. Mkewe alikaa ameshika tama akimtazama.

"Mashine hiyo haina hata waya wa mtandao," alisema.

"Hapo ndipo penye hatari! Wametumia mbinu mpya kabisa!"

"Mbinu ya kale kuliko zote," alisema mama mkwe, akimzunguka polepole na kumtazama kisogo. "Mkwe wangu, umependeza. Ulinyoa lini?"

Bisibisi ilisimama hewani. "Wiki iliyopita. Lakini sikusema kitu."

"Hukusema kitu gani?" aliuliza mkewe.

"Sikusema vipimo. Sikusema barua. Sikutaja jina lako hata kidogo, muulize kinyozi. Nilieleza upande wa kiufundi, tu... kitambaa... na..."

"Malizia."

"...vifungo," alisema Kufuli, kwa sauti ndogo ambayo, laiti angeitumia kwa kinyozi, ingeiokoa nyumba.

Mkewe hakupiga kelele. Alimtazama, akaitazama kompyuta iliyochanguliwa kama kuku. "Mashine hii," alisema, "uliizibia kila tundu. Mimi mjinga nilisahau kwamba tundu kubwa ndilo lililonioa."

Kazi ya hospitali akapewa Fundi Tepe. Siku chache baadaye alibisha hodi dukani akiwa na bunda la aproni begani.

"Shemeji," alimwambia mke wa Kufuli, bila aibu, "ubavu unanishinda. Wangu unajikunja, unatafuna vifungo. Kitambaa nilikiagiza upesi kupitia shemeji yangu wa benki, lakini ubavu nilisikia habari zake tu, sikuuona ukishonwa. Nishonee ubavu tu, nitakulipa kwa kila moja."

Kufuli alisimama mlangoni mdomo wazi. Fundi Tepe akampiga bega. "Usinune, ndugu yangu. Kitambaa cha kinyozi kilifunika macho tu. Masikio yalikuwa wazi."

Mke wa Kufuli aliwatazama wasichana wake wawili, akazitazama zipu mbovu zilizomsubiri kwenye kikapu. Alilipokea lile bunda. Zilikuwa aproni zake, zenye lebo ya jina la mtu mwingine, naye alibakiziwa kuzishona ubavu.

"Wewe utabana vifungo," alimwambia mumewe. "Na utabana bila neno."

Kufuli alilibeba bunda kuelekea chumba cha ndani asione mbele, na mguu wake ukaligonga sanduku la chuma kwa nguvu zote. Ukucha uling'oka. Alivuta pumzi, akafungua mdomo kupiga yowe la kuamsha mtaa, akakutana na jicho la mkewe juu ya cherehani. Akaufunga.

"Ona," alisema mama mkwe, "kumbe kinafungika."

Bunda la kwanza halijatoka nyumbani, ukucha mpya ulikuwa umeshaanza kuota. Lakini hadi leo nesi akipita barabarani na aproni yake ya vifungo vya ubavuni, Kufuli hugeuka akatazama ukutani, na mkewe huuma uzi kwa meno. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.