Kwa Nini Kongwe Hutambaa

Wewe unayeitukana kongwe, gugu hili, kila unapopalilia, weka jembe chini kidogo nikwambie ilivyoanza. Zamani kongwe haikutambaa. Ilisimama wima juu ya shina moja, ikatoa maua yake madogo ya buluu mwaka hadi mwaka, bila kumsumbua mtu.

Katika milima yetu alikuwapo mjane aliyeolewa kutoka bondeni, jina lake Nakiete. Bustani yake haikuwa na mistari wala matuta: maboga hapa, mnavu pale, kilichoota kiliachwa. Arubaini ya mumewe ilipokwisha, wifi yake Nambike, dada wa marehemu, alileta shina la kongwe kutoka porini, akalipanda mwenyewe katikati ya bustani.

"Usiling'oe, wifi," alisema, akaenda zake.

Nakiete akaingiwa na shaka. Tangu lini watu wa kwa mume wakaleta maua? Maboga angeyaelewa. Shemeji zake walikuwa wameshaanza kupitapita pale wakikodolea macho kiwanja, na sasa dada yao analeta mmea na kukataza usiguswe. Hii ni alama yao, aliwaza, wanataka kunitoa. Kila Nambike alipokuja kusalimia, macho yake yalikwenda kwanza kwenye ile kongwe, na Nakiete aliyaona. Alimkaribisha chai huku roho inamchemka.

Siku aliyosikia kwamba shemeji zake wameita wazee waje kukata shauri la kiwanja, alichukua panga. Aliikatakata kongwe vipande vipande, akavitupa kila pembe ya bustani. Mvua ikanyesha siku kumi mfululizo.

Wazee walipofika, shemeji mkubwa alisema, "Huyu mama hajapanda kitu cha kudumu hapa. Maboga ni ya msimu tu. Kwa sheria yetu, kiwanja kinarudi kwetu."

Ndipo Nakiete alipoelewa alichokikata.

Lakini wazee walikuwa wameinama wakitazama ardhi. Kila kipande kilikuwa kimetia mizizi kwenye vifundo vyake, kikalala chini na kutambaa mpaka mpakani.

"Kongwe haifi kwa msimu, na hapa imejaa tele," alisema mmoja wao. "Kiwanja ni cha mama huyu."

Nambike aliokota kipande kimoja, akatazama mkato wa panga.

"Kaka zangu wangesikia nimekufundisha sheria hii, wangenikana," alisema taratibu. "Lakini wewe ungeniuliza, wifi."

Nakiete aliona aibu mpaka machozi yakamtoka. Alipika chai, na siku ile Nambike hakuinywa.

Na tangu siku hiyo kongwe hutambaa, na ukiikata, kila kifundo huota. Na huku kwetu, mjane akiletewa na wifi yake mche wa kupanda, hashukuru kwanza. Humtazama aliyeleta usoni na kumuuliza, "Hii ni ya nini, wifi?" Na aliyeleta hujibu, wala hanuni.