Spiriti ya Bi Mgeni

Dawa hupimwa kwa ngozi, si kwa ukali. Mnacheka kwa kuwa bibi yenu Mgeni huitamka kauli hii hata mtu akizidisha pilipili kwenye mchuzi. Mmeniuliza ilikotoka, haya, chimbuko lake ni hili.

Shangazi yenu Siwema alijifungua kabla miezi haijatimia. Mtoto alikuwa njiti, wa kuenea kiganjani, ngozi nyembamba hata mishipa ikionekana. Tuliogopa sana kumpoteza. Bibi yenu, kwa utani wake, alimwita "mume wangu" tangu siku ya kwanza, nami nikawa nimeachwa bila talaka.

Sasa, kwetu sisi dawa isiyowasha si dawa. Bibi yenu alilea watoto wake wote kwa spiriti. Basi kule wodini, nesi Apaikunda alipotaka kumtundikia mtoto dripu, akampangusa mkono kwa pamba yenye dawa, na mtoto hata asilie, bibi yenu alikuja juu.

"Mwanangu, hayo ni maji! Vijidudu vitammaliza mume wangu." Akafungua pindo la kanga, akatoa chupa ya spiriti.

Nesi hakumfokea. "Bibi, ulipowatia wanao spiriti kwenye kidonda, ulifanya nini baadaye?"

"Nilipuliza."

"Kwa nini?"

"Si inaunguza..."

"Basi ngozi ya njiti haijakomaa, bibi. Spiriti itambabua, na hatutakuwa na pumzi ya kupuliza. Hii tumemchagulia kwa sababu ni hafifu, lakini vijidudu inaviua. Naweka kidogo, isichuruzike ikamlowesha mgongo, kisha naifuta kwa maji yaliyotakaswa."

Bibi yenu aliutazama ule mkono mdogo, akaitazama chupa. Akacheka mpaka akatokwa machozi. "Kumbe miaka yote nilikuwa nawasha moto, halafu nauzima mwenyewe!" Akanikabidhi chupa nikaitupe.

Mtoto akanenepa, ngozi haina hata alama. Kabla hajaruhusiwa kutoka, akaja mama mkwe wa Siwema kumwona mjukuu, kanga yake imefundikwa pindoni, na harufu tunaijua. Bibi yenu alimzuia mlangoni, mikono kiunoni.

"Karibu, mkwe. Mjukuu utamwona, lakini hiyo spiriti kajipake mwenyewe. Humu ndani dawa hupimwa kwa ngozi, si kwa ukali."