Fidia ya Kipande Kikavu

"Milioni kumi na nane hazikatwi vipande!" Mwajabu alifoka, kanga ikimdondoka begani. "Nipeni nikanunue kiwanja huko mlimani kabla bei haijapanda tena."

"Ukanunue wewe kama nani, dada?" Pazi akamuuliza. "Ardhi ni yangu."

"Na miti je? Ya marehemu shangazi yako?"

Pale Mchangani ndivyo walivyokua: ardhi ya huyu, minazi ya yule, na hakuna aliyeona ajabu. Ndipo bahari ikaanza kupanda.

Pazi alijaliwa ubishi. Matajiri walikuja na mabunda ya noti, majirani wakauza, yeye akagoma. Mkewe alichoka kulala kwenye unyevu, akaondoka. Pazi akabaki. Angeuza, leo fidia ingekuwa ya tajiri.

Mwajabu alijaliwa mkono wa kupanda. Mawimbi yakiangusha mnazi, anapanda mwingine nyuma yake, anaumwagilia maji ya kununua. Bila mizizi ile, mchanga wote ungeshaondoka.

Kibwana, mpangaji wa Pazi, alijaliwa mgongo. Mji ukibomoa vibanda ujenge maghorofa, yeye anasomba kifusi kwa mkokoteni, anakimwaga mbele ya maji. Bila kifusi kile, minazi ingeoga kila siku. Mgongo wenyewe sasa haunyooki.

Wajenzi wa ukuta wa bahari walipokuja kupima ardhi watakayoilipia fidia, walisema wazi: kilicho chini ya maji hakilipwi. Ufuko mzima wakakuta kipande kimoja kikavu, hicho hicho cha hawa watatu.

"Tugawane sawa," Kibwana alisema taratibu.

Mwajabu akacheka kwa hasira. "Milioni sita! Utanunua nini, mtani wangu, kaburi? Huko juu kiwanja kilichobaki bei yake ni hizo zote, na kinatosha chumba kimoja na choo. Wenye nazo wote wanakimbilia huko."

"Basi nipeni mimi. Mgongo huu nani atanipangisha?"

"Na mimi na wajukuu zangu tuogelee?"

Pazi alitazama maji yakilamba kizingiti cha jiko lake. Mwajabu naye hakujidanganya: akinyimwa, wajukuu zake watalala barabarani, akipewa, atakayelala huko ni Kibwana, na Pazi pembeni yake. Hata hivyo mkono aliounyoosha kudai fedha hakuurudisha.

Je, wewe unayesikiliza, ungempa nani? Usiniambie wagawane. Usiniambie wangoje bahari irudi, hairudi. Wanakudai hukumu.

Taja jina moja.