Mbwa wa Masikio

“Tia saini, Mzee Gil-su. Imebaki yako tu,” Mama Bong-nye alisema pale ngazini, akimsukumia karatasi kifuani.

Saini zikitimia, mwenye jengo angemtaka Seo-rin, binti kiziwi wa ghorofa ya juu, achague: mbwa au chumba. Gil-su akajibu kwamba Bori si mbwa wa kuchezea. Amefunzwa kumgusa Seo-rin kwa mguu na kumpeleka mlio ulipo, uwe wa kengele au wa birika.

“Kumbe ni masikio yenye viroboto,” Mama Bong-nye akamcheka.

Seo-rin alikuwa ngazi tatu juu yao, akiisoma midomo. Akageuka na Bori wake, uso umemshuka. Gil-su akakataa kusaini, akaenda zake kazini.

Mama Bong-nye akapanda darini, palipo wazi juu ya jengo na mitungi yake, amevimba kama andazi. Ilikuwa siku yake ya kutia kimchi, kabichi ya chumvi na pilipili, ya majira ya baridi, na nyama ya kuwalisha majirani ilikwisha iva jikoni. Mlango wa dari aliuzuia kwa jiwe, kama kawaida yake. Mtungi wa mwisho ukakosa cha kukandamizia kabichi; naye, akili ingali kwenye saini, akalichukua jiwe lile lile. Upepo wa Busan ukaubamiza mlango, ukajifunga. Upande wa juu haukuwa na kitasa.

Hana koti, hana simu, mikono imelowa maji ya chumvi. Akaita mpaka sauti ikamkauka. Jengo zima lilikuwa kazini, isipokuwa mtu mmoja chini ya nyayo zake, naye hasikii. Vidole vilipoanza kufa ganzi, akalitwaa jiwe akagonga sakafu, akijua fika anamgongea nani. Akagonga, akagonga, hata jiwe likamponyoka. Akaketi kati ya mitungi, usingizi wa baridi ukimnyemelea.

Mlango ukafunguka. Bori hakubweka. Alimgusa goti kwa mguu, akamgeukia Seo-rin, kana kwamba anasema: mlio wenyewe huu hapa. Seo-rin akavua koti lake akamfunika.

Jioni Gil-su alipopita kwa Mama Bong-nye, aliikuta karatasi ya saini imetandikwa chini ya sufuria ya nyama, imelowa mchuzi. Seo-rin alikuwa kizingitini na Bori, anasita. Mama Bong-nye akamgeuzia uso ili midomo isomeke vizuri.

“Ingieni wote wawili, mwanangu. Nyama inapoa.”

Gil-su hakumsuta. Karatasi ile ilikwisha kusema yote: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.